Embe Lina Funza: Soma Dalili Kabla ya Kununua Dawa

Maembe ya Ukambani yanapoanza kumiminika kwenye masoko ya Marikiti na Muthurwa mwishoni mwa mwaka, ndipo watu wa Nairobi wenye miembe hukumbuka kupiga simu. Wengi hawalali karibu na miti yao. Huyu ana ekari mbili Makueni zinazoangaliwa na kaka yake, yule ana miti kadhaa nyuma ya nyumba Kamulu, mwingine alipanda Joska akingoja pesa za kujenga. Lalamiko ni lile lile: kwa nje embe linapendeza, likikatwa lina funza. Na swali ni lile lile: nipulize dawa gani?

Swali hilo huja mapema mno. Nzi wa matunda huanza kama yai chini ya ganda la embe, akawa funza ndani ya nyama, akashuka udongoni kuwa pupa, kisha akatoka akiwa nzi mzima. Dawa unayopuliza kwenye majani inamfikia akiwa nzi mzima tu, tena kama yuko hapo siku hiyo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, jiulize dalili uliyo nayo inakuonyesha hatua ipi kati ya hizo nne. Malalamiko nimeyapanga hapa kama yanavyoletwa.

"Nina hakika ni nzi"

Huenda si yeye. Kata maembe kadhaa kwanza, yaliyoanguka na yaliyo bado mtini.

Ukiona vidoa vyeusi vilivyodidimia kidogo, vinavyoungana na mara nyingi kutiririka kutoka kikonyoni kwenda chini, na ndani hamna funza, hiyo ni chule. Ni ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevunyevu, na huanzia kwenye maua. Mtego wa nzi hautakusaidia hapo.

Nyama ikiwa safi kabisa lakini kokwa ukilipasua lina mdudu mgumu mweusi au buu mnene, huyo ni fukusi wa kokwa. Hutaga tunda likiwa changa sana na kovu lake hupona, ndiyo maana huoni kitu kwa nje.

Nyama ikilainika kama jeli kuzunguka kokwa, bila mdudu yeyote, tatizo liko kwenye tunda lenyewe. Embe la aina ya Tommy Atkins husumbuka hivyo, hasa likiachwa kuivia mtini.

Na vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyozunguka kikapu jikoni, viache. Hivyo hufuata tunda lililokwisha kuchachuka, havikuliharibu wao.

Nzi wetu huacha alama nyingine. Jike hutoboa ganda kwa ncha ya tumbo lake na kuingiza mayai. Panabaki kitundu ambacho usipotafuta hukioni, mara nyingi kikiwa na tone la utomvu uliokauka. Siku chache baadaye panakuwa na duara la hudhurungi ambalo linabonyea ukiligusa kwa kidole gumba. Kata hapo. Utakuta funza wa rangi ya maziwa, wasio na miguu, wembamba upande wa kichwa na wanene nyuma. Chukua mmoja aliyekomaa umweke mezani: atajikunja mduara, kisha ataruka. Ukimwona anaruka, huna haja ya kubishana na mtu.

Anayetaka kujua ni nzi yupi hasa atie maembe yenye funza kwenye ndoo yenye mchanga mkavu kidogo chini, afunike kwa kitambaa cha wavu na kusubiri. Funza watashuka mchangani na kuwa pupa wa kahawia wanaofanana na punje za mchele, na baadaye nzi watatoka. Akiwa na mabawa maangavu yenye mstari mweusi ukingoni tu, kifua cheusi chenye mistari miwili ya njano na alama nyeusi ya herufi T mgongoni mwa tumbo, huyo ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia. Alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kule Pwani. Vipeperushi vya zamani vinamwita Bactrocera invadens, jina alilopewa 2005 kabla wanasayansi hawajamrudisha kwa B. dorsalis mwaka 2015, kwa hiyo usidhani ni wawili. Akiwa mdogo zaidi, wa manjano, mwenye mabawa yaliyopakwa mabaka, huyo ni Ceratitis, na kwenye maembe mara nyingi ni Ceratitis cosyra, mwenyeji wa Afrika. Tofauti hiyo inaamua ni kivutio gani, yaani harufu ya kuwaita nzi mtegoni, utakachonunua.

"Mitego imejaa nzi, na maembe bado yana funza"

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa. Kaka ametuma picha kwenye simu, chupa imejaa nzi hadi shingoni, na bado broka amekataa nusu ya mzigo.

Geuza chupa juu ya gazeti uangalie wale nzi. Karibu wote ni madume. Kivutio kinachouzwa zaidi, methili yujenoli, huvuta madume ya B. dorsalis na kumwacha jike. Dume hatoboi embe. Ukiua madume ya kutosha, majike yanakosa wa kupandana naye na vizazi vinavyofuata vinapungua, lakini neno la kushika hapo ni "ya kutosha". Dume mmoja aliyebaki huhudumia majike kadhaa. Na jike aliyekwisha kupandwa kabla hujatundika mtego ataendelea kutaga kana kwamba hujafanya lolote.

Kwa hiyo sababu ni mojawapo ya hizi. Huenda mitego ni michache: mmoja au miwili kwa ekari ni ya kukuhesabia nzi tu, na ya kuwapunguza inahitajika mingi zaidi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Huenda ulichelewa: mitego ya madume inapaswa kuwa imening'inia tangu miti inapochanua, na wengi huitundika maembe yakishaanza kupata rangi. Au umeitegemea peke yake, na hilo ndilo ninalolikuta mara nyingi. Methili yujenoli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikia jike, na jike hufikiwa kwa chakula.

Jike akitoka udongoni hawezi kutaga hapo hapo. Anahitaji siku kadhaa za kula protini ili mayai yakomae. Katika siku hizo anazunguka akilamba chochote chenye harufu ya chakula hicho juu ya majani, na hapo ndipo chambo cha protini kinamnasa. Kuna kinachouzwa kikiwa tayari kimechanganywa na sumu, na kuna kile cha hapa Kenya kinachotengenezwa kwa masalia ya hamira ya viwanda vya bia. Namna ya kukitumia huwashangaza waliozoea bomba: unapulizia eneo la mita moja ya mraba tu kwenye kila mti, kama mililita 50 za mchanganyiko, upande wa chini wa majani kadiri inavyowezekana, mara moja kwa wiki. Sehemu nyingine yote ya mti unaiacha. Jike atakifuata mwenyewe. Anza matunda yakiwa bado madogo, endelea mpaka mavuno yaishe, na mvua ikinyesha rudia.

"Mitego haina kitu kabisa"

Usifurahi haraka. Inawezekana nzi hawapo, hasa kwenye baridi ya Julai, lakini kama maembe yanaanguka yakiwa na tundu, mtego ndio mgonjwa.

Angalia kwanza ni kivutio gani kilichomo. Methili yujenoli haimwiti Ceratitis cosyra hata kidogo. Huyo hufuata terpinili asetati. Na kile cha nzi wa matikiti na matango, ambacho hukaa rafu moja na vingine dukani, hakina kazi kwenye mwembe. Kama ndoo yako ya mchanga ilikutolea nzi wa aina mbili, unahitaji vivutio viwili katika mitego tofauti, au mtego wa chakula unaovuta wote, madume kwa majike, ingawa kwa wingi mdogo.

Ya pili ni sumu. Kivutio hakiui. Bila kipande chenye dawa ndani ya chupa, nzi anaingia, anashiba harufu na kuondoka.

Ya tatu ni siafu na sisimizi. Wanashuka kwa waya usiku na kubeba maiti zote, wewe ukija Jumamosi unakuta chupa safi. Paka grisi kwenye waya. (Sisemi maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya miembe ya Pwani. Hao wanafukuza nzi kwenye tunda, na mwenye nao angewavumilia pamoja na kuuma kwao.)

Kisha yale madogo: kivutio kimekwisha nguvu, maana vingi hudumu wiki nne mpaka sita tu, chupa inachomwa na jua mchana kutwa, imefunikwa na majani hata nzi hapati njia, au aliyeijaza alimwagia kivutio kwa nje, nzi wakaridhika kukaa juu ya chupa bila kuingia.

"Napuliza dawa kila wiki, hawapungui"

Hawawezi kupungua. Yai na funza wamefunikwa na nyama ya embe. Pupa yuko sentimita chache chini ya udongo. Nzi mzima, ukifika na bomba, huruka mpaka kwa jirani na kurudi dawa ikikauka. Wanaokufa vizuri ni wale usiowataka wafe: nyuki, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nzi. Mmoja wa nyigu hao, Fopius arisanus, aliletwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, kutoka Hawaii kwa kazi hiyo hasa. Ukipuliza mti mzima kila wiki unamuua askari wako mwenyewe.

Halafu kuna mlaji. Kila dawa ina siku za kungoja kati ya kupuliza na kuchuma, na anayepuliza kila wiki huku akichuma hajangoja siku yoyote. Nunua iliyosajiliwa kwa maembe na isome lebo. Muuzaji wa agroveti akikuambia "hii inaua kila kitu," hiyo ni sababu ya kuirudisha rafuni.

"Nafanya yote hayo, bado"

Sasa twende chini ya mti. Hapa ndipo ningetumia pesa ya kwanza na jasho la kwanza, na hapa ndipo pasipofanyiwa kazi kwa kuwa hakuna chupa ya kununua.

Embe likianguka na funza, saa inaanza kuhesabu. Ndani ya siku chache funza wanatoka, wanajichimbia na kuwa pupa. Kwenye joto la Makueni, kutoka yai mpaka nzi anayeweza kutaga ni kama mwezi mmoja. Jike mmoja hutaga mayai mamia maishani mwake. Hesabu vizazi kati ya embe la kwanza kuanguka na siku ya mavuno makubwa, utaelewa kwa nini Januari huwa mbaya kuliko Desemba.

Okota angalau mara mbili kwa wiki, na yale yaliyotobolewa yakiwa bado mtini yaondoe pia. Kisha swali la kuyapeleka wapi, na majibu mengi ninayosikia ni mabaya. Kuyatupa kwenye lundo la mbolea ni kuwafugia nzi kitalu. Kuyarundika kando ya ua ni vivyo hivyo. Kuyafukia kwa inchi sita hakuzuii kitu, nzi aliyetoka kwenye pupa hupenya udongo laini. Shimo liwe la futi mbili kwenda chini na udongo ushindiliwe juu. Asiyetaka kuchimba kila wiki ayafungie ndani ya nailoni nyeusi nzito, ile ya mjengo inayotandazwa chini ya slabu, akunje kingo zote na kuiacha juani hadi wiki mbili. Joto linamaliza kila kilichomo. (Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na hata hivyo ilikuwa myembamba mno kwa kazi hii.) Nguruwe au ng'ombe wa kuyala wakiwapo, wayale siku ile ile yalipookotwa.

Kuna njia nzuri zaidi kwa wenye mashamba makubwa: hema dogo la wavu unaotupiwa maembe yaliyooza. Matundu ya wavu ni madogo kiasi kwamba nzi wanaoanguliwa hawapiti, lakini nyigu wanaotoka kwenye miili ya nzi wanapita na kurudi shambani kuwinda. Kikundi cha majirani kikichanga hema moja, gharama haimuumizi mtu.

Kwa wale ambao tayari wako udongoni, kuku wa kienyeji wakiachiliwa chini ya miti hufukua pupa wengi. Wapo pia wanaotumia kuvu Metarhizium anisopliae, aina iliyofanyiwa kazi na icipe, ambayo huchanganywa na udongo chini ya mti na kuwaambukiza funza wanaposhuka na nzi wanapopanda. Inafanya kazi, lakini inafuata baada ya kuokota. Haiwezi kuchukua nafasi yake.

"Shamba langu ni safi, wanatoka kwa jirani"

Inawezekana kabisa. Nzi huyu haheshimu bikoni. Lakini kabla ya kumlaumu jirani angalia uani kwako: mpera, mlokwati, mchungwa, mstafeli. Mitaa ya Nairobi imejaa mapera na lokwati ambazo hakuna anayezichuma ila watoto, na zinaivia chini miezi ambayo mwembe wako hauna hata tunda. Nzi wa Ruai au Njiru anapitishia muda hapo. Kwenye shamba la Ukambani ni hivyo hivyo kwa mung'ongo wa porini na miembe ya kienyeji isiyo na mwenye kuichuma.

Dawa ya hili ni kikao. Majirani wakitundika mitego wiki ile ile na kuokota siku ile ile, mtu mwenye ekari moja anafaidi kuliko mwenye kumi anayepigana peke yake. Anayeishi Nairobi na kupigia shamba simu ana kazi ya ziada hapa, kwa sababu kikao hakiendeshwi kwa picha za WhatsApp. Jumamosi moja lazima ushuke.

"Yalitoka shambani safi, yamefika Marikiti na funza"

Hayakutoka safi. Yai huchukua siku moja au mbili kuanguliwa, na siku ya kuchuma halionekani kwa jicho. Kreti zimekaa usiku mmoja chini ya mti, zimesafiri, zimekaa sokoni, na funza amekua njiani.

Sababu kubwa ni kuchelewa kuchuma. Kadiri embe linavyokaribia kuiva mtini ndivyo harufu yake inavyomwita jike. Chuma likiwa limekomaa bado kijani, mabega yamejaa, liivie nyumbani. Najua mara nyingi ni broka anayechelewesha, anangoja bei au lori, na maembe ya aina ya Apple yanageuka rangi mtini. Katika makubaliano naye andika siku ya kuchuma. Bei mtabishana baadaye. Baada ya kuchuma, funika kreti kwa wavu na uziondoe chini ya miti siku ile ile.

Wanaouza nje wana hatua moja zaidi. Kenya yenyewe ilisitisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi huyu, na ikarudi 2021 baada ya kupanga maeneo yanayodhibiti nzi na kutumia maji ya moto: embe huzamishwa kwenye maji ya nyuzi 46 hivi kwa zaidi ya saa moja ili joto lifike katikati. Usijaribu na sufuria nyumbani. Nyuzi zikishuka funza wanaishi, zikipanda umepika embe.

"Nina miti mitatu tu"

Basi umebahatika, yafunike matunda. Matunda yakifika ukubwa wa yai la kuku, vika kila moja mfuko wa karatasi, hata wa gazeti uliogundishwa, na ufunge kikonyoni. Jike hapati pa kutoboa. Pogoa mti usizidi urefu unaofikia kwa ngazi fupi, maana usichokifikia hutakifunika. Usiyoyafunika yachume yote mapema.

Mavuno yakiisha, usiache yale maembe matatu ya kileleni "ya ndege". Yachume au yapige yaanguke, uyafukie na mengine. Mitego usiitupe, ihamishe kwenye mpera, badilisha kivutio, na umwambie kaka aendelee kutuma picha.